Sekunde Nne

Miaka kumi na mmoja niliishi chini ya jukwaa la Kassel,
ndani ya kisanduku cha mbao, kitabu magotini.
Mwigizaji akisahau, nimrushie neno
kabla hadhira haijanusa.
Nyuso zao sikuzijua sana. Nilijua soli.
Ya Vierhuff, mguu wa kushoto, ilikuwa na tundu
lililozibwa kwa karata, saba ya kopa,
na kila alipomgeukia mchumba wake akapiga goti
ile kopa ilinitazama mimi.

Likateketea jukwaa, na kisanduku changu.

Miaka saba baadaye wakautia mchezo uleule kwenye filamu,
katika banda la ndege za vita nje ya Göttingen.
Milango mitano ilisimama, nyuma yake hakuna vyumba.
Seremala akaniuliza kama sioni ajabu.
Natoka Kassel, nikamwambia.

Mimi wa nini pale? Mtu akisahau wanakata, wanarudia.
Lakini mwongozaji, Bwana Rathgens, akaniita:
"Bibi Lüdeking, hapa walikuwa wanacheka kwa muda gani?"
Maana bandani hakucheka mtu. Fundi wa sauti kainua kidole,
na Vierhuff, kichekesho kimemtoka kikaangukia kimya,
kasimama kama aliyebisha hodi kwa marehemu.

Ni pale mwenye nyumba anapofungua kabati
akamkuta mposaji ndani, yu katika chupi na kofia:
"Kama unakaa humu, bwana, kodi ni ya juma zima."

Sekunde nne, nikasema. Jumamosi tano.
Akaandika nne.

Usiku wa kwanza nilijilipia tiketi,
safu ya kumi na mbili, na koti langu la blanketi la jeshi.
*Kodi ni ya juma zima*,
ukumbi ukaangua kicheko.
Nilihesabu tisa, kumi, nikapotea.
Walikuwemo wote: waliolala darini kwa watu,
familia ya Breslau, roho sita kwenye jiko la shemeji,
mwanamke aliyepangishwa bafu
akihamisha godoro kila Ijumaa wenyewe waoge.
Hawakucheka kama wale wa mwaka thelathini na nane.
Kicheko hiki kilikuwa na kikohozi ndani yake,
na kila kilipotaka kwisha mtu mmoja nyuma alikiwasha tena.
Juu kwenye kiwambo midomo ya Vierhuff ikaendelea,
haikumngoja yeyote.
Filamu haina masikio.

Mwanamume wa mkono mmoja kando yangu akaniegemea:
"Kajibu nini?"
Kitabu sikuwa nacho. Nikainamisha kichwa,
nikamwambia kwa sauti ile ya chini ya mbao,
isiyofika safu ya kwanza:
"Basi nipunguzie. Nusu yake ni makoti."

Akacheka peke yake, amechelewa,
watu wakageuka kumtazama.