Kibaba Kimoja

Jumanne ya pili ya Februari, mjini Duluth,
theluji imepanda hadi kingo za madirisha
ya chumba kilicho chini ya kanisa.
Tumevua mabuti, tumeyapanga mlangoni
yakivuja maji kama bata waliotoka ziwani.

Mimi ndiye katibu. Naandika.
Waliohudhuria: watu kumi na mmoja,
na kasuku mmoja wa kijivu
aliyekuja ndani ya koti la Verna Halvorsen
kwa kuwa tanuri la nyumbani kwake limezimika.
Ajenda: fedha.

Orrin Maki, mweka hazina, anasoma kwa sauti:
dola mia sita na kumi na mbili.
Ni keki, ni bahati nasibu ya tundu la shaba,
ni mifuko ya alizeti tuliyoipakia Novemba
hadi vidole vikanuka mafuta siku tatu.
Haba na haba imejaza kibaba,
lakini kibaba ni kimoja
na midomo iliyo wazi ni mitatu.

Kuna nyumba ya kasuku walioachwa, ng'ambo ya daraja.
Huletwa na wakili, huletwa na mjukuu;
mmoja aliletwa na dereva wa teksi
aliyemkuta kiti cha nyuma, akiaga abiria.
Wako sitini na wanne. Wengine hujinyonyoa vifua
hadi ngozi ikabaki kama ya kuku wa sokoni.

Kuna hospitali ya ndege wa porini.
Tai alikula utumbo wa kulungu
ulioachwa na mwindaji kwenye theluji:
risasi iliyomkosa angani
ikampata tumboni.

Na kuna watu wa msitu mmoja, Kameruni,
wanaowasafisha ulimbo kasuku walionaswa,
unyoya kwa unyoya, kwa mafuta na subira,
kisha wanafungua mlango na kurudi nyuma.

"Tugawe kwa tatu," anasema Delmar,
ambaye hugawa hata biskuti.
"Mia mbili na nne kila mmoja," Orrin anajibu upesi,
kana kwamba hesabu iliyogawanyika sawa
imeshakuwa haki.
Ione, muuguzi, anakoroga kahawa isiyo na sukari:
"Hiyo haitoshi hata bawa moja."

Tukazozana. Hilo siliandiki.

Ndipo Verna akafungua kifungo cha juu,
kichwa cha kijivu kikachungulia.
"Huyu nilimnunua mwaka wa sabini na nane.
Walitiwa kreti moja, arobaini.
Waliofika hai, kumi na tisa.
Mwenye duka aliniambia kama anayesifia gari:
huyu, mama, ni imara.
Nami nikalipa kwa furaha.
Nimempenda tangu siku hiyo, msinielewe vibaya.
Lakini kuna ishirini na mmoja
ambao sijawahi kuwalipia."

Tanuri la kanisa likanguruma, likanyamaza.
Kasuku akadonoa kifungo, tk, tk.
Hakusema neno; si kila kasuku
husema pale unapomhitaji.

Kura zikapigwa kwenye migongo ya bahasha.
Msitu: sita. Hospitali: mbili.
Nyumba ya walioachwa: tatu.
Imepita. Orrin akatafuta kalamu ya hundi.

Mimi ndiye niliyezikunjua zile kura.
Miongoni mwa zile tatu
mlikuwa na mwandiko ninaoujua,
uliolala upande kama nyasi za ufukweni,
ule ule wa kadi zangu za Krismasi.
Verna ana miaka themanini na mitatu.
Nikaikunja tena. Hilo pia siliandiki.

Mkutano ulifungwa saa tatu na dakika kumi.

Mlangoni nilimshikia fimbo
akiutafuta mguu wa buti.
Koti lake likajigeuza, likatulia.
"Wewe," akaniuliza, bila kuinua uso,
"sasa una miaka mingapi?"
Hamsini na mmoja, nikasema.
Akamtazama ndege.
Nikaiona midomo yake ikipiga hesabu.