Usiikazie Macho

Nambari za nyota huenda kinyumenyume:
tatu ni kung'aa, tisa ni kufifia.
Piroska alicheka siku aliyoambiwa.
Kumbe wanahesabu kama deni, akasema,
likikua, mwenyewe anazimika.

Alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli nje ya Karcag,
kwenye tambarare ya Hungaria
isiyo na kilima hata cha kujikwaa.
Kushusha mti, kuinua mti.
Saa nane na robo usiku, mizigo ya Debrecen,
kisha kimya hadi ile ya alfajiri, ya wafanyakazi wanaosinzia.
Katikati ya treni mbili,
nyota moja shingoni mwa Nyangumi.

Nasema nyota. Ni jitu,
jitu jekundu, zee, lililovimba
hata lingeketi mahali pa jua letu
dunia ingekuwa tumboni mwake, na reli zake zote.
Linapumua.
Pumzi moja, siku mia tatu thelathini na mbili:
hupanda upesi, kama maziwa mekoni,
hushuka taratibu, kama mtu atokaye msibani
asiyetaka kufika kwake.

Mumewe, Ödön, ndiye aliyemfunza.
Tupa jicho, ondoa jicho.
Linganisha na jirani wa kulia, na jirani wa kushoto,
andika, funga daftari.
Usiikazie macho. Kitu chekundu ukikitazama sana
huzidi kuwaka, na si chenyewe kinachowaka,
ni jicho lako linalokitia mafuta.

Ödön alihamia Pécs, kwa mwanamke wa duka la miwani.
Darubini aliiacha, na mguu wake mmoja uliolegea.
Usiku ule daftari linasema:
*tatu nukta tatu. Upepo. Treni imechelewa dakika sita.*
Pembeni, kwa herufi ndogo zilizolala:
*huenda nami nilimkazia macho miaka kumi na tisa.*

Kuna miaka kilele huangukia Aprili,
jua limeketi mlangoni pa Nyangumi,
na jitu huwaka mchana kutwa
nyuma ya mwanga ambao hakuna apenyaye.
Kurasa hizo hakuandika sifuri. Aliziacha wazi.
Mkaguzi wa reli, kijana, alimwuliza, mama, hapa ulilala?
Akajibu: hapo iling'aa. Sikualikwa.

Nambari zikajaa, tisa, nane na nusu, sita, nne,
pande za nyuma za fomu za reli, mihuri ikionekana kwa kinyume.
Mti ukawekewa mota. Yeye akapewa saa ya ukutani na keki.
Akaendelea kuja na kiti chake,
madereva wakimpigia honi fupi, ya heshima.

Kisha mtoto wa jicho.
Hospitali ya Szolnok, Jumanne, jicho la kulia,
baada ya wiki nne, la kushoto.
Bandeji ilipotoka aliona shuka la kitanda
lina rangi ya buluu. Alidhani la njano, sikuzote la njano.
Akaomba radhi kwa shuka.

Usiku wa kwanza kivukoni
majirani weupe walikuwa wamenoa makali,
na jitu, katikati yao, limenywea.
Tatu nukta tisa.
Jicho la zamani lingesema tatu na nusu, na lingeapa.
Basi miaka yote ile, kioo cha chai machoni,
alikuwa akiwapunja majirani na kuipunja hesabu
pasipo kukazia chochote.

Alikaa na kalamu hadi mizigo ya Debrecen ikapita,
mabehewa arubaini na moja, aliyahesabu.
Hakufuta.
Akachora mstari mwekundu, upana wa ukurasa,
na juu yake: *nililoona.*
Na chini yake: *ninaloona.*

Halafu akatupa jicho,
akaliondoa.