Orofa Isiyojengwa

Siku hizi sihesabu mizani.
Mashine yetu ndiyo ihesabuyo, na mwisho wa mwezi
hata yenyewe hukwama katikati ya mshororo.

Imewekwa nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani,
chumba cha ndani kabisa, penye zidaka
zilizokuwa za sahani za maarusi.
Watu wanane waliibeba; mkokoteni ulikwama kwenye kona.
Si kompyuta kuu ya kutisha kama zile za benki za Nairobi,
wala si ile ya kuwekwa mezani na kikombe cha kahawa.
Ni ya kati. Ya wastani. Kama mshahara wangu.

Alhamisi akaja Mutinda, ajenti,
viatu vimejaa mchanga, karatasi ina safu nne za bei.
"Bi Mwanakombo, prosesa zenu zimechoka.
Ila humo ndani ziko nne: mbili zinafanya kazi, mbili zimelala.
Zililetwa pamoja, siku ile ile, zikafungwa kwa nambari.
Mkilipa, natuma nambari, zinaamka.
Hata skrubu haifunguliwi."

Nikamwangalia.
Miaka sita napangusa vumbi
la chumba nisichoruhusiwa kuingia,
ufunguo uko kwa mwenye kiwanda.

"Njia ya pili, tubadilishe bodi,
prosesa za kizazi kipya, sanduku libaki lile lile."
Hiyo naielewa. Baba yangu, fundi Shee Famau,
alijenga kuta nene mno kwa nyumba ya chini tu.
Watu wakacheka: chokaa yote hiyo ya nini?
Nilipoolewa, orofa ikapanda juu ya kuta zile,
na waliocheka wakaja kula pilau humo.
Sasa najiuliza: aliyeunda sanduku hili, alikuwa na binti?

"Ya tatu, mnunue mashine ya pili, tuziunganishe."
Wikio, nikasema. Hakunielewa.
Nikamtoa nje, nikamwonyesha juu ya kichochoro
chumba kivukacho kutoka nyumba hii hadi ile:
ndugu wawili, mmoja akiugua, mwenzake anapika.
Akapiga picha.
"Na ya nne?"
"Muiuze, mhamie mashine za mbali, mlipe kwa mwezi."
Kupanga. Hilo halikuhitaji mfano.

Kamati ya akiba ilikaa mpaka alasiri.
Mweka hazina, Athman Basheikh, akauliza mara tatu:
"Yaani tunanunua kitu tulicho nacho?"
Hakuna aliyemjibu. Kahawa ikaisha, bei haikupungua.

Usiku nikabaki peke yangu na feni zake.
Nikafungua orodha ya kazi, moja moja,
kama achambuaye mchele.
Saa nne asubuhi, saa ya foleni,
kuna kazi inayokula theluthi ya prosesa.
Jina lake: SALIO-SIFURI.
Aliiandika marehemu Bi Zuhura Lali,
aliyeketi kiti hiki kabla yangu.
Hupita akaunti za wanachama waliofariki,
elfu tatu mia moja na tisa,
humhesabu kila mmoja, huandika: sifuri,
kisha huituma ripoti kwa printa
iliyoondolewa zamani.

Nikaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta.
Mstari wa pili kutoka mwisho: Shee Famau.
Wa mwisho: Zuhura mwenyewe.
Nani alimwongeza? Mimi, kwa mkono huu,
mwaka juzi, nilipoifunga akaunti yake.

Sikuifuta.
Niliihamisha tu, hadi Ijumaa saa saba mchana,
ofisi tupu, mji uko msikitini.
Hapo mashine iwahesabu kwa nafasi.

Jumatatu foleni ilifika mlangoni,
ikaisha kabla ya adhuhuri.
Mutinda amepiga simu mara mbili;
bei imeshuka asilimia kumi, hadi tarehe thelathini.
Nimemwambia kamati bado inafikiri.
Si uongo. Siku moja orofa itahitajika:
vijana wanajiunga, simu zao
zinauliza salio usiku wa manane.
Ila kabla ya kupandisha ukuta
nilitaka kujua kwanza
nani yumo nyumbani.