Hesabu ya Duka la Machomane

Raya binti Shaame kaingia na jua la saa nne,
simu mkononi kama aliyebeba hukumu.
"Ami, kitabu hichi kwako elfu ishirini na mbili.
Humu ndani elfu tisa. Hebu nambie,
hizo kumi na tatu ni za nini?"

Nikavua miwani, nikampigia hesabu.
Karatasi. Wino. Gundi.
Mchukuzi wa bandarini Mkoani, anayekokota boksi
huku akinung'unika kwamba elimu nzito.
Kodi ya mlango. Na mchwa,
wasomaji wangu wakubwa, hawajapata kunilipa.

Akacheka, kisha akanigeuzia kibao:
"Basi wa kwenye simu hana mchwa, hana mchukuzi,
hana hata gundi. Mbona asiuze mia tano?"

Hapo nikajikuta, mimi muuza karatasi,
namtetea mshindani wangu.
Mwanangu, usiku aloukesha mwandishi
haupimwi kwa ratili.
Aliyesahihisha nukta, aliyechora jalada,
nao hununua mchele kwa bei ile ile yetu.
Ukitoa karatasi, hujatoa kazi.

Feni ikazunguka.
"Lakini hicho sitaweza kumwazima Time," akasema, pole pole,
"changu ni hapa tu, kwenye kioo hichi,
chaji ikiwepo,
na mwenyewe asibadili nia."

Hilo sikuwa nimelitia kwenye hesabu.

Nikainama chini ya meza, nikatoa nakala
niliyomwazima mwalimu mmoja wa Madungu mwaka juzi.
Imepita mikono kumi na moja. Majina yao
wameyaandika nyuma, kila mmoja na kalamu yake,
wa mwisho kwa wanja.
Ukurasa wa arubaini una duara la kikombe cha kahawa.
Kumi na moja ndani ya elfu ishirini na mbili:
elfu mbili mbili kila kichwa.

"Hichi nipe elfu sita."
Akakifungua, akakinusa, akalikuta lile duara.
"Kina doa, ami. Tano."

Nikapokea tano.
Akaniomba kalamu, akaandika jina la kumi na mbili,
akatoka akipulizia wino ukauke.

Magharibi, nafunga daftari,
ndipo nikakumbuka: katika hizo elfu tano
yule aliyekesha
hakupata hata thumuni.