Dakika Tano za Ziada

Panevėžys, Februari. Theluji imefika shingoni mwa mizinga
na viazi vimepoa kando ya kompyuta.
Kila Jumatano kaka yangu Vytenis husema redioni,
redio ya mtandaoni, wasikilizaji mia na ushee,
habari za nyuki, kupe wao, bei ya nta.
Mimi humrekodi. Nani mwingine atamtunzia?

Leo nimefungua faili, kaka yangu amelewa.
Maneno yanaburuta miguu,
kila irabu imeganda kama asali ya ghalani.
Na Vytenis hagusi hata bia.

Nikashuku mtandao: nikachomoa waya, nikachomeka.
Nikashuku programu: nikaifuta, nikaiweka upya.
Nikafunga madirisha yote, hata la utabiri wa theluji,
kama anayempunguzia punda mzigo.
Bado anaburuta.

Ndipo nikatazama saa.
Kipindi ni dakika sitini, hukatwa na kengele.
Faili yangu ni sitini na tano, na sekunde kumi na nane.
Hizo za ziada nani kazisema?

Hesabu, kumbe.
Sauti ilikuja imekatwa vipande
elfu arobaini na nane kwa kila sekunde,
programu ikaandika kwenye lebo
elfu arobaini na nne na mia moja.
Hakuna kipande kilichopotea;
vinagawiwa tu na karani mvivu.
Haba na haba, kibaba kimefurika.

Dawa yake ni namba moja, menyu ya tatu.
Kidole kipo juu ya kitufe
na hakishuki.

Sauti hii nzito, isiyodaiwa na mtu,
naijua.
Ni ya baba, aliyezikwa kabla kompyuta haijaingia nyumba hii,
asiye na kanda wala kaseti,
ambaye neno lake "ngoja"
lilichukua muda kuliko kungoja kwenyewe.
Sasa anaeleza kupe wa nyuki
na dawa ambazo hakuwahi kuziona.

Nikanakili faili kwanza, nikaipa jina la kijinga,
"viazi", asije mtu akaifungua.
Kisha nikabadili namba.
Vytenis akarudi mbio, na kikohozi chake, na mzaha wake uleule.

Usiku akapiga simu.
"Umenirekodi?"
"Nimekurekodi."
"Nilisikikaje?"
Nikaenda nayo hadi dirishani, ile simu.
"Ulikuwa na haraka," nikamwambia.