Daftari la Mizani

Baba alikuwa karani wa mizani, soko la mahindi Kibaigwa.
Magunia yalipita, yeye akaandika:
jina, kilo, tarehe,
herufi nene zenye vitambi, kama wenye maghala.

Kisha herufi zikaanza kukonda.
Hatukuona. Nani hupima mwandiko?
Tuliona kidole gumba na cha shahada
vikisuguana bila kazi,
kama anapukuchua mtama usiokuwepo.

Zahanati walisema malaria.
Mara ya pili, presha.
Mara ya tatu, uzee, naye ana hamsini na nane.
Shangazi Mbeleje akasema pombe,
yeye anayejua kaka yake hajaonja hata togwa iliyochacha.
Jirani hakusema kitu. Alihamisha kigoda chake.

Daktari wa wilaya, kijana, akaandika karatasi:
Dodoma. Mishipa ya fahamu. Bingwa yupo Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza bingwa alikuwa kwenye semina.
Ya pili foleni ilikatwa namba arobaini;
sisi, arobaini na tatu.
Tukalala Chang'ombe kwa binamu Chiduo,
vumbi nalo likalala nasi.
Ya tatu nilibeba daftari la soko.
Sijui kwa nini. Labda nilichoka kueleza.

Bingwa, mama mfupi mwenye raba miguuni,
hakuanza na mashine. Alifunua kurasa:
miaka sita nyuma neno "gunia" linajaza mstari,
mwaka huu "gunia" ni sisimizi.
"Mzee Ndahani, tembea mpaka mlangoni."
Mkono wa kushoto ukaenda naye.
Wa kulia ulibaki nyumbani.

"Pakinsoni," akasema. "Hauponi. Unatulizwa."
Baba akauliza swali moja tu:
"Kwa hiyo si pombe?"

Vidonge: duka la kwanza hawana, la tano hawavijui,
la sita wanavyo, kwa bei ya gunia zima.
Bima wakasema njoo kesho. Nikaenda kesho. Nikaenda kesho.

Nusu kidonge, saa moja kamili, mbali na maharage.
Saa niliyomnunulia inawika kama jogoo, inatukera wote.

Zipo asubuhi mguu unaganda kizingitini.
Nachora mstari wa chaki sakafuni,
anautazama kama mshale wa mizani,
anauvuka.

Jana, bila kuombwa, ameandika:
tarehe, kidonge, saa.
Niliazima miwani yake kuzisoma.