Mkondo wa Shee Mbwana

Kabla sijakubandika sponji za maji ya chumvi
niliuzungusha utepe wa fundi cherehani kichwani mwako,
sentimita hamsini na saba,
nikatia alama kwa kalamu: hapa, juu ya sikio la kushoto,
pale maneno yalipozimika mwezi wa Rajabu.

Ulikuwa fundi wa umeme, Shee.
Nusu ya Kibokoni inawaka kwa mikono yako.
Kiharusi kimekuachia neno moja tu, Jumatatu:
chai ni Jumatatu, mkeo Bi Swabra ni Jumatatu,
maumivu, Jumatatu; asante, Jumatatu,
nasi tumejifunza kukusoma kwa mpando wa sauti
kama mtu asomaye mita gizani.

Kizingo. Kiyoyozi kinanguruma,
nje joto la Machi limelainisha lami.
Nimekuvua saa, pete,
na hirizi ya bati uliyoificha chini ya fulana.
Swabra aliipokea, akaitia mkobani bila kunitazama.
Sumaku hii haina adabu. Huvuta chochote.

Miliampea mbili.
Ungecheka: kitaa cha redio hula zaidi ya hapo.
Umeme wenyewe hatuuoni.
Upitapo huzaa usumaku wake mdogo,
na usumaku ule huziyumbisha chembe za maji ya ubongo
kwa kadiri ndogo mno, kama mtu aliyeusukuma mlango
kisha akaghairi.
Mashine huhesabu kuyumba huko. Kompyuta hukupaka rangi.

Picha ya kwanza ilikuja na mto mwekundu,
mpana, ukishuka upande wa shavu hadi katikati ya ubongo,
mzuri hata Daktari Nyamawi akapiga makofi.
Mimi nilinyamaza. Ulikuwa mzuri kupita kiasi.
Ulifuata njia ya waya.
Haukuwa mkondo wako, ulikuwa usumaku wa waya wenyewe,
mjumbe aliyefika akajieleza yeye
akaisahau barua.

Tukakutoa. Nikakuonyesha.
Ulitazama kitambo, ukatikisa kichwa
kama mbele ya kazi ya fundi aliyelipua,
kisha mkono wa kushoto, ule mzima,
ukazishika nyaya mbili, iendayo na irudiyo,
ukaanza kuzisokota pamoja, msokoto juu ya msokoto,
kama kamba ya usumba,
na karibu na kisogo ndipo ukaziachanisha.
Jumatatu! ukasema, kwa ukali.
Yaani: siku hizi mnafundishwa na nani?

Iendayo na irudiyo zikisokotana,
usumaku wa moja huumeza wa mwenziwe.
Nililisoma hilo chuoni.
Lilikuwa kabatini, pamoja na cheti.

Picha ya pili haikuwa nzuri.
Sehemu kubwa ya mkondo iliishia ngozini,
nyingine ikateleza katika maji yanayouzunguka ubongo
kama mpita njia afuataye kivuli cha ukuta,
na kidogo, Shee, kidogo sana,
kilipenya fuvu kikafika pale.
Uzi. Samawati iliyochujuka,
ningeweza kuufunika kwa ukucha wa kidole cha mwisho.
Lakini ulikuwa wako.

Bi Swabra aliuliza kama maneno yatarudi.
Daktari akasema utafiti ungali mchanga.
Mimi nikasema nimeona umeme umefika,
taa sijaiona.
Hakuelewa, au alielewa kunishinda:
aliitoa hirizi mkobani, akakufunga upya, hadharani,
nawe muda wote huo umezikalia nyaya zangu,
unazikunja mviringo, unazifunga kwa ncha zao wenyewe,
kama fundi afungavyo vifaa
kazini atakaporejea.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa najaza fomu, kichwa chini,
nikauliza kwa mazoea, "Utarudi lini?"
nikajuta papo hapo.

Jumatatu, ukasema,
na kwa mara ya kwanza tangu Rajabu
sikujua kama umejibu.